Bakuli la vidonge 240: shajara ya kuiga kioo cha nakshi cha Kirumi

Lengo ni bakuli moja dogo la kioo cha nakshi, la namna iliyopamba meza za Warumi kuanzia karne ya 1 KK hadi katikati ya karne ya 1 BK. Mdomo wake ni sm 11.8, kina sm 3.2, na ukuta mm 6 kabla ya kusagwa. Bakuli hili halipulizwi. Unavuta miche ya kioo yenye mchoro ndani yake, unaikata vidonge kama ndizi, unavipanga vidonge hivyo duara, unaviunganisha kwa joto viwe diski moja, unailaza diski juu ya kuba hadi ilegee na kuchukua umbo, kisha unasaga na kung'arisha. Mabakuli ya aina hii yaliopolewa kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera katika karne ya 1 KK, na sasa yamo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens. Yanapendeza mno. Yamelala chini ya bahari miaka elfu mbili na rangi bado ipo.

Baadaye upulizaji wa kioo ulienea, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama hizo, anasema kikombe cha kioo Roma kilinunuliwa kwa sarafu ya shaba. Bakuli la vidonge halikuweza kushindana na bei hiyo, na anayelitengeneza kwa mikono yake ataelewa sababu kabla hajafika nusu ya kazi.

Shajara hii ni kwa anayetaka kuiga. Hatua zilizokwenda sawa zimepewa mistari michache. Zilizovunjika zimeelezwa kwa kirefu. Karibu kila kilichovunjika kilivunjika wakati wa kupoa, kwa sababu vitu viwili vilivyoshikana vilinywea kwa viwango tofauti.

14 Januari 2024: magadi

Kioo cha Kirumi kilitengenezwa kwa mchanga na magadi. Magadi hayo yalitoka hasa Wadi Natrun, Misri, na madini yake makuu ni yaleyale yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Mchanga uliosifiwa zaidi ulitoka mdomo wa mto Belus, karibu na Akko, Israel ya leo. Ulikuwa na vipande vya kombe ndani yake, hivyo chokaa ilikuwa imo tayari. Ukipima kioo chao leo unakuta silika karibu asilimia 70, soda 16 hadi 18, chokaa 7 hadi 8, alumina 2 na nusu hivi, na klorini kidogo iliyobaki kutoka kwenye chumvi ya magadi.

Tulichagua mabonge meupe ya magadi, tukasugua udongo wa nje kwa brashi kavu, tukayatwanga. Gramu 1,000 zilikaa kwenye joto la nyuzi 300 za Selsiasi kwa saa 2. Zikabaki gramu 725.

Andika namba hiyo. Tuliiandika, lakini hatukuitumia, na kosa likatufuata hadi Februari.

28 Januari: myeyusho wa kwanza, hasara

Hesabu ya kilo 1 ya kioo: mchanga wa silika gramu 681, soda ya magadi yaliyochomwa gramu 290, chokaa mawe iliyosagwa (ambayo haijachomwa) gramu 143, kaolini (udongo mweupe) gramu 63. Tanuri ni la wafinyanzi, la umeme, mwisho wake nyuzi 1,280. Chungu cha kuyeyushia ni cha lita 1.

Tulijaza mchanganyiko wote kwa mara moja tukiwa nyuzi 1,150. Ukaumuka kama maziwa yanayochemka, ukamwagika, ukala sakafu ya tanuri. Zaidi ya gramu 150 zikapotea, na tofali mbili za sakafu zikabadilishwa.

Sababu ni gesi. Soda na chokaa katika mchanganyiko huu hutoa karibu gramu 180 za hewa ukaa, sawa na lita 100 hivi zikipimwa kwenye joto la kawaida. Gesi hiyo yote inatafuta njia ndani ya uji mzito kwa wakati mmoja. Pliny, mwandishi wa Kirumi, akieleza kioo cha mchanga wa mto Volturno, Italia, anataja hatua mbili: kwanza mchanga na magadi huchomwa pamoja kuwa bonge liitwalo hammonitrum, kisha bonge hilo huyeyushwa upya. Tulikuwa tumeisoma habari hiyo tukaona ni ya ziada. Si ya ziada hata kidogo.

Kilichobaki kwenye chungu kilikuwa kioo cha kijani hafifu chenye mapovu, na juu yake utando mweupe wa chumvi. Utando huo ni chumvi ya mezani na salfeti zilizomo kwenye magadi. Haziyeyuki vizuri ndani ya kioo, huelea. Ondoa kwa kijiko cha chuma kikavu. Kijiko chenye unyevu kinalipuka.

10 na 17 Februari: myeyusho wa pili na wa tatu, na jaribio la mwanga

Mchanganyiko ulichomwa kwanza nyuzi 780 kwa saa 3 hadi ukashikana kama kashata. Ukapondwa, ukaingizwa kwenye chungu kwa mafungu matano, fungu moja kila dakika 35, tanuri likiwa nyuzi 1,180. Kisha nyuzi 1,240 kwa saa 7. Haukumwagika hata tone. Humo tuliongeza oksidi ya shaba gramu 20, ikatoa rangi ya feruzi angavu, ndiyo rangi ya mandhari ya bakuli.

Rangi nyingine, yaani nyeupe, manjano na kioo angavu kisicho na rangi, ni fito za kununua za mm 5 hadi 6, za kundi lenye namba ya upanuzi 104. Namba hiyo inaonyesha kioo kinatanuka na kunywea kiasi gani kwa kila nyuzi ya joto. Tulilichagua kundi hili kwa sababu mchanganyiko wa Kirumi, kwa hesabu, unaangukia karibu na 103 au 104. Kioo cha dirisha kiko chini sana, hakifai kuchanganywa nacho.

Jaribio ni rahisi, na usiliruke. Yeyusha vipande vidogo vya rangi moja juu ya kipande cha rangi nyingine kilicho angavu, poza taratibu, kisha kiweke kati ya vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi vilivyogeuzwa hadi vizuie mwanga. Kioo kilichotulia, yaani kisicho na mvutano ndani yake, kinabaki cheusi. Kama rangi mbili zinavutana, utaona mwanga mweupe unazunguka kipande kama mwezi uliozungukwa na wingu.

Feruzi letu liliwaka mwanga mkali. Siku ya pili kipande kikapasuka chenyewe kikiwa mezani.

Hapo ndipo gramu 725 zilipotukumbusha. Magadi safi yakichomwa hupoteza asilimia 29.7 ya uzito. Yetu yalipoteza 27.5 tu. Maana yake ni kwamba katika kila gramu 1,000 kulikuwa na gramu 74 hivi za chumvi, mchanga na takataka, ambazo zilibaki zote baada ya kuchomwa. Kwa hiyo asilimia 10 ya tulichokiita soda haikuwa soda. Kioo kilipungukiwa, kikawa kigumu zaidi, kinanywea kidogo kuliko fito za 104. Ilikuwa lazima kuweka 290 kugawanya kwa 0.898, yaani gramu 323.

Myeyusho wa tatu, wa tarehe 17, ulitumia 323. Kati ya miwani ukaonekana mwanga hafifu mno, wa kutafutwa. Tukaukubali. Gharama ya kosa hilo moja: kilo ya kioo na yuniti 57 za umeme.

Kuvuta fito kutoka kwenye chungu: teremsha hadi nyuzi 1,050, zima umeme kwenye swichi kuu, ndipo uingize fimbo ya chuma. Waya za tanuri zina umeme, na fimbo ya chuma inaupitisha. Chota, zungusha, subiri bonge lipoteze weupe na kuwa la rangi ya chungwa, mwenzako alishike ncha kwa koleo, na mwende kinyumenyume.

2 Machi: miche

Mche mmoja una kiini cha manjano cha mm 6, kisha koti la feruzi, kisha fito 8 nyembamba nyeupe zilizolazwa kwa urefu kuzunguka koti hilo, kisha feruzi tena hadi unene wa mm 30. Urefu sm 5. Unajengwa kwa tochi ya gesi na oksijeni, na unazungushwa bila kusimama.

Ukivutwa kutoka mm 30 hadi mm 8, sm 5 zinakuwa sm 70. Ncha zote mbili hutupwa kwa kuwa zimechongoka, ukabaki na sm 50 nzuri. Diski moja inahitaji mita 2.2, yaani miche mitano.

Mche wa kwanza ulitoka kama tumbo la chatu aliyemeza, nene hapa na mwembamba pale. Tuliuvuta ungali unawaka nje huku kiini hakijapata moto sawasawa. Dawa yake: ukiutoa motoni, uushike wima na uhesabu hadi 20. Nje inapoa kidogo, ndani inazidi kupata joto, mche mzima unakuwa mlaini wa namna moja. Sekunde tatu za mwanzo vuta polepole kabisa, kisha ongeza mwendo. Ukitaka mche mnene zaidi, subiri zaidi. Kuvuta kwa nguvu ndogo hakusaidii.

9 Machi: mstari mweusi

Tulipokata vidonge vya kwanza, kila kiini cha manjano kilikuwa na pete ya kahawia iliyokaribia weusi mahali kilipogusana na feruzi. Ilionekana kama uchafu. Si uchafu.

Manjano ya siku hizi hupatikana kwa salfaidi ya kadimi. Feruzi letu lina shaba. Vikikutana kwenye joto, salfa inahamia kwenye shaba na kutengeneza salfaidi ya shaba, ambayo ni nyeusi. Fundi wa Kirumi hakuwa na tatizo hili: manjano yake yalitokana na antimoni pamoja na risasi, na nyeupe yake ilitokana na antimoni pamoja na chokaa. Hakuna salfaidi humo. Aliweza kuweka manjano ubavuni mwa feruzi na mpaka ukabaki safi kama uliochorwa kwa wembe. Ukitazama picha za mabakuli ya zamani kwa karibu, huo usafi wa mipaka ndio unaoyapa uhai, na hutokana na kemia ya rangi kuliko na ustadi wa mkono.

Kutengeneza manjano ya risasi na antimoni hatukujaribu. Mvuke na vumbi lake ni sumu, na karakana haina bomba la kuvuta hewa. Badala yake kiini cha manjano sasa kinavishwa nyeupe ya mm 1.5 kabla ya feruzi. Kwanza tulivisha kioo angavu. Mstari ukaisha, lakini pete ikaonekana kama pengo. Nyeupe imetatua yote mawili, na nakshi ikapata jicho.

23 Machi: diski ya kwanza na ya pili

Vidonge 240 vya kipenyo cha mm 8 hujaza duara la sm 13. Vinapangwa ndani ya pete ya chuma kisichoshika kutu iliyotandikwa karatasi ya nyuzi za kauri ya mm 3, juu ya rafu iliyopakwa uji wa kaolini na alumina.

Diski ya kwanza ilikatwa vidonge vya mm 5. Ilitoka na matundu kumi na moja, kama wavu. Kioo kilichoyeyuka vya kutosha kujilaza chenyewe hupenda unene wa mm 6 hadi 7. Kikiwa chembamba kuliko hapo, mvuto wa uso hukikusanya, na penye nafasi kati ya vidonge hufunguka. Na vidonge vya duara vikipangwa huacha karibu asilimia 9 wazi, hivyo mm 5 zinashuka hadi 4.5. Kata mm 7; ukishaunganisha unapata mm 6 na zaidi kidogo. Mianya ya pembetatu tuliijaza chenga za feruzi.

Diski ya pili haikuwa na tundu, ila uso wake ulikuwa na ukungu wa kijivu, kama kioo cha bafuni. Kioo kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 700 na 800, uso wake hupenda kurudi kuwa fuwele, na fuwele huanzia kwenye vumbi. Vumbi letu lilikuwa unga wa msumeno uliokauka juu ya vidonge. Sasa vidonge havikauki kamwe kabla ya kuoshwa: vinatoka kwenye msumeno vinaingia ndooni, vinasuguliwa kwa mswaki kwenye maji matatu, kisha spiriti, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi.

Ratiba inayofanya kazi: nyuzi 100 kwa saa hadi 500, kaa nusu saa, nyuzi 200 kwa saa hadi 650, kaa nusu saa ili hewa itoke chini, haraka hadi 775, kaa dakika 15, shusha haraka hadi 515. Hapo kaa saa 2, kioo kitulie. Halafu nyuzi 50 kwa saa hadi 400, nyuzi 100 kwa saa hadi 200, kisha zima na usifungue hadi kesho.

13 Aprili: ukingo uliosokotwa

Mabakuli mengi ya aina hii yana ukingo wa kamba ya kioo: ufito angavu wenye uzi mweupe unaozunguka kama mistari ya kamba ya katani. Ni sehemu ndogo, lakini ndiyo inayofunga nakshi yote. Bila ukingo, vidonge vya pembeni vinaonekana kama vimekatwa na kuachwa.

Chukua ufito angavu mnene wa mm 12, bandika nyuzi mbili nyeupe ubavuni, pasha hadi ulegee, kisha vuta huku unasokota. Tumepata mm 5 kwa mizunguko minne kila sm 1. Unahitaji sm 43: sm 42.4 za kuzunguka, na kidogo cha kupishana. Unapindwa motoni kuzunguka pete ya chuma.

Kwenye diski ya tatu tuliunganisha ukingo kwa kuupasha mara ya pili, nyuzi 740. Ulishika. Siku tatu baadaye ufa ukatembea ndani ya diski, sambamba na ukingo, robo tatu ya mzunguko mzima. Mwanga ule hafifu tulioukubali Februari ulikuwa unasubiri hapa. Kidonge kimoja cha mm 8 kinavumilia tofauti ndogo, kwa sababu nguvu yake ni ndogo na imezungukwa pande zote. Pete ya sm 42 inayobana diski nzima haivumilii.

Tulibadilisha mambo mawili. Mstari wa mwisho wa vidonge, ule unaogusa ukingo, sasa umekatwa kutoka miche ambayo koti lake la nje ni kioo angavu cha kununua badala ya feruzi letu, hivyo ukingo unagusana na kioo cha familia yake. Na ukingo huingia tanurini pamoja na vidonge mara ya kwanza, ili vyote vilegee na kutulia pamoja. Ncha mbili za ukingo zilikatwa kwa mshazari na kupishana mm 8. Ncha zilizokatwa wima ziliachana kila mara.

27 Aprili: kuba la udongo

Diski ya pili, ile yenye ukungu, ilikuwa ya kujifunzia. Tuliiweka juu ya kuba la udongo wa kuchoma lenye nusu kipenyo cha sm 7, tukapanda hadi nyuzi 690. Ikaanguka haraka na kujikunja pembeni kama ukingo wa sketi. Duara likishuka juu ya kuba, mzunguko wake wa nje lazima upungue; likipewa muda linanenepa pembeni, likiharakishwa linakunjamana. Sasa ni nyuzi 625 kwa dakika 40, ukichungulia kwenye tundu kila dakika tano.

Diski ya nne, yenye ukingo mpya, ilishuka vizuri ajabu. Tukaituliza vilevile saa 2. Asubuhi ilikuwa vipande vitano, na kila ufa ulianzia mdomoni kuelekea kitako.

Hesabu yake ni hii. Kati ya nyuzi 515 na 25, bakuli la sm 11.8 linanywea mm 0.6. Kuba la udongo la upana huohuo linanywea karibu mm 0.3. Bakuli limelikumbatia kuba kutoka nje, na linazidi kulikaza kwa zaidi ya robo ya milimita. Kioo kinastahimili sana kubanwa, lakini kuvutwa hakistahimili, na hapa mdomo wote ulikuwa unavutwa.

Njia ya kisasa ni kuba la chuma kisichoshika kutu, ambalo linanywea kuliko kioo na hivyo linajiachia lenyewe. Sisi tulitaka njia ambayo fundi asiye na chuma hicho angeweza kuitumia.

11 Mei: kuba la jasi

Jasi sehemu 1, unga wa silika sehemu 1, maji sehemu 1, zote kwa uzito. Lilikaushwa juani siku 5, kisha likaingia tanurini peke yake: nyuzi 60 kwa saa hadi 200, saa 2 hapo. Usilipeleke likiwa na maji. Mvuke unatoka chini ya kioo na kuacha malengelenge.

Kuba hili ni dhaifu, na udhaifu ndio tunaoutafuta. Kioo kinapokaza, jasi linasagika kabla ya kioo kupasuka. Kuba moja hutoa bakuli moja, kisha unalikung'uta kama majivu.

Diski ya tano ikalala nyuzi 625, dakika 40, mdomo ukanenepa bila kukunjamana. Saa moja baada ya kuanza kuituliza kwenye 515, umeme ukakatika kwa dakika 50. Kipimo kikashuka hadi 430. Mlango haukufunguliwa, na huo ndio uamuzi wenye maana kuliko yote katika hali hii. Umeme uliporudi hatukuendelea na ratiba pale ilipoishia; tulipanda nyuzi 60 kwa saa kurudi 515, tukaanza kutuliza upya kwa saa 3. Kati ya miwani, ukuta ulikuwa mweusi mzima. Kitako kilionyesha mwanga hafifu, si wa kutisha.

Bakuli zima.

8 Juni: kusaga

Ndani kulikuwa na ngozi ya jasi iliyokwaruza, nje kukiwa na mawimbi madogo ya vidonge. Tulichonga kichwa cha mvule chenye nusu kipenyo cha sm 6.9, tukakifunga kwenye gurudumu la mfinyanzi. Tunatumia chenga za silikoni kabaidi na maji: namba 120 kwa saa 3, 220 saa 2, 400 saa 2, 600 saa moja na nusu, kisha unga wa jiwe la pumisi, mwisho oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia kioo, juu ya ngozi. Wakati wote kuwe na maji na barakoa. Vumbi kavu la kioo na la unga wa silika ni adui wa mapafu.

Mara ya kwanza tuliruka kutoka 120 hadi 400. Baada ya saa 2 uso uling'aa, lakini ukiinua bakuli dirishani unaona nukta nyeupe elfu moja. Hivyo ni vishimo vya 120 ambavyo 400 haiwezi kuvifikia. Tukarudi 220. Dawa ya kujua wakati wa kuhama: paka uso wote kalamu isiyofutika kwa maji, saga dakika kumi, tazama wino umebaki wapi. Ukibaki hata kwenye vishimo vichache, hujamaliza. Na kila ukihama namba, osha bakuli, kichwa, gurudumu na kucha. Chembe moja ya 120 ndani ya 600 inachora mstari wa sm 10.

Hasara nyingine: mdomo ulimeguka mahali pawili, kila pengo mm 2, kwa sababu chenga ziliingia chini ya ukali wa ukingo. Ilitakiwa kuvunja ukali huo kwanza kwa tupa ya almasi, mteremko wa mm 1 ndani na nje. Tulishusha mdomo wote kwa mm 2 kuyafuta mapengo, na kamba ya ukingo ikapungua unene. Inaonekana.

Gharama hadi leo, kwa shilingi za Tanzania: fito kilo 1.5 pamoja na usafiri 210,000. Gesi na oksijeni 103,000. Msumeno wa almasi 85,000. Umeme yuniti 235, karibu 84,000. Karatasi ya nyuzi za kauri 70,000. Chenga za kusagia 65,000. Jasi na silika 30,000. Jumla 647,000, diski tano, bakuli moja. Amri ya bei ya Diocletian, mtawala wa Roma, ya mwaka 301 iliweka kioo kibichi cha Alexandria dinari 24 kwa ratili na vyombo vyake visivyo na nakshi 30. Kioo cha Uyahudi chenye ukijani 13, na vyombo vyake 20. Kazi ya mikono ilipewa dinari 6 au 7 tu juu ya mali ghafi. Kwa kupuliza inawezekana. Kwa vidonge 240 haiwezekani.

Bakuli ni la kutazamwa, si la chakula: lina kadimi na shaba.

22 Juni: kipimo cha mwisho

Uzito gramu 189. Limekaa wiki mbili dirishani, jua la asubuhi na baridi ya usiku, bila ufa. Kitakoni vidonge vimebaki duara kama vilivyokatwa. Kadiri unavyopanda kuelekea mdomoni vinabanana na kurefuka, vile vya mstari wa mwisho vikawa kama punje za mpunga zilizosimama, kila moja na jicho lake la manjano. Kuba la pili la jasi limeshakauka, na feruzi lililobaki linatosha diski moja. Safari hii mdomo utavunjwa ukali kabla ya chenga ya kwanza kugusa kioo.